Kabla mgonjwa wa kiharusi hajasimama

Swali: Msaidizi wa fiziotherapia apime nini kabla ya kumsimamisha mgonjwa wa kiharusi kwa mara ya kwanza?

Jibu: Aanze na faili, asome tathmini na mpango wa mtaalamu wa fiziotherapia. Nchini Marekani, kwa mfano, tathmini ya kwanza na mpango wa tiba ni kazi ya mtaalamu mwenyewe. Msaidizi hutekeleza mpango, hupima maendeleo na kutoa ripoti.

Kisha shinikizo la damu, na hapa haraka haifai hata kidogo. Lipimwe mgonjwa akiwa amelala, halafu ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mgonjwa yuko hatarini kuanguka: alazwe, mtaalamu aarifiwe. Akilalamika kizunguzungu au akitokwa jasho la ghafla, alazwe mara moja bila kusubiri kipimo cha mashine.

Mkono uliopooza usivutwe kamwe. Misuli ya bega ikilegea, mfupa wa mkono huweza kuteleza kidogo kutoka kwenye kiungo, na kuuvuta huleta maumivu yanayochelewesha tiba nzima. Msaidizi asimame upande dhaifu, ashike mkanda wa kiunoni na kulikinga goti la mgonjwa lisikunjike.

Nguvu za misuli hupewa alama 0 hadi 5. Alama 3 ni kuinua kiungo bila kusaidiwa wala kubeba uzito. Alama aliyopata mgonjwa iandikwe. “Anaendelea vizuri” haimwambii mtaalamu chochote.

Mdomo ukipinda upya au maneno yakivurugika ghafla, mazoezi yakome na daktari aitwe papo hapo.