Breki za Utamu

Chota sukari kwa kijiko cha chai, isawazishe kwa ubavu wa kisu, na utakuwa umeshika gramu 4 hivi. Sasa tupige hesabu ndogo. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, kila lita ya damu hiyo hubeba takriban gramu 0.9 za glukosi. Zidisha, unapata gramu 4.5. Yaani sukari yote inayozunguka katika damu ya mtu mzima mwenye afya, kuanzia utosini hadi kisiginoni, haizidi sana kile kijiko ulichoshika.

Si kwamba mwili hauihitaji. Ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mtu akiwa ametulia, na chakula chake kikuu ni glukosi. Ila akiba haikai kwenye damu. Ini huhifadhi gramu 100 hivi na misuli kama gramu 400, zikiwa zimefungwa pamoja kwa umbo la glaikojeni, na hutolewa kidogo kidogo kadiri zinavyohitajika. Kwenye damu kiwango hicho hulindwa saa zote: kikipanda, kongosho humwaga insulini inayoziamrisha chembe za mwili kuchukua glukosi, kikishuka, homoni nyingine huliamrisha ini lifungue ghala.

Chukua basi chupa ya nusu lita ya soda ya kola. Ndani yake mna sukari gramu 53 hivi, vijiko 13 na zaidi. Mwenye kiu ya mchana wa Dar es Salaam huimaliza kabla daladala haijafika kituo cha pili. Sukari hiyo haiingii kwenye damu yote kwa mpigo, kwani tumbo huiachia kwa awamu, lakini ni zaidi ya mara 10 ya ile iliyokuwa ikizunguka, na kongosho halina budi kufanya kazi ya ziada. Nusu yake hata si glukosi. Sukari ya mezani ni molekuli mbili zilizoshikana, glukosi na fruktosi, na fruktosi hiyo sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ghala la glaikojeni likijaa, ziada hugeuzwa mafuta.

Kama mwili unahitaji sukari kidogo namna hiyo kwenye damu, kwa nini ulimi unaidai kwa wingi namna ile?

Ulimi ulifundishwa kazi yake zamani, dunia ilipokuwa na sukari haba. Juu yake kuna vipokezi vya utamu vilivyoundwa kwa protini mbili, ambazo wanasayansi huziita T1R2 na T1R3. Paka hana T1R2 inayofanya kazi, na ndiyo maana ukimwekea halua na dagaa hatahangaika kuchagua. Binadamu huzaliwa navyo vikiwa tayari. Kichanga cha saa chache ukikidondoshea maji ya sukari hulegeza uso na kuanza kunyonya. Ukikipa kitu kichungu hukunja uso na kutoa ulimi. Hakuna aliyekifundisha. Maziwa ya mama yana sukari kama gramu 7 katika kila mililita 100, na kwenye mimea ladha tamu huashiria nishati ilhali uchungu mara nyingi huashiria sumu. Aliyependa utamu aliishi akazaa. Sisi ni kizazi chake.

Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanatuonyesha mapenzi hayo yalivyokuwa yakilipiwa. Watafiti walipowauliza ni chakula gani wanachokipenda kuliko vyote, asali iliongoza. Lakini asali iko juu ya mbuyu. Lazima utembee, umsikilize ndege anayeongoza watu kwenye mizinga, uchonge vigingi, uvipigilie kwenye shina ukipanda kimoja baada ya kingine, ufukize moshi, na bado uumwe na nyuki. Kisha ukishuka wenzako wanangoja fungu lao. Mtu wa namna hii halazimiki kujihubiria kiasi, kwa sababu utamu wenyewe umefungwa breki: umbali, jasho, maumivu na mgawanyo.

Muwa nao una breki yake. Utafune pingili kwa pingili, utafyonza maji kidogo, utatema makapi, taya zitachoka, na mara nyingi utauacha kabla haujakwisha. Upitishe muwa uleule kwenye mashine ya pembeni ya barabara, utiwe ndimu na tangawizi, na glasi nzima inateremka kwa dakika moja. Sukari ni ileile. Kilichoondolewa ni muda, na mwili unauhitaji muda huo sana, kwa kuwa ishara za shibe kutoka tumboni na kwenye utumbo huchukua dakika kadhaa kufika kichwani. Kinywaji huzitangulia.

Naona hapo ndipo mazungumzo mengi kuhusu uroho yanapopotoka. Tunamlaumu mtu kwa kukosa nguvu ya moyo, wakati karne mbili hizi zimeng'oa breki moja baada ya nyingine, zikamwachia mguu wa mafuta peke yake.

Tuingie kidogo ndani ya kichwa. Katika miaka ya 1990, mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walirekodi chembe za ubongo wa kima zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Mwanzoni, tone la juisi lilipomdondokea kima mdomoni bila kutarajia, chembe zile zililipuka kwa kazi. Kisha kila mara kabla ya juisi wakatanguliza ishara. Kima alipozoea, chembe zilianza kulipuka kwenye ishara. Juisi ilipofika hazikushtuka tena. Na ishara ikitolewa halafu juisi isije, shughuli yake ilishuka chini ya kawaida, wakati uleule ambao juisi ingepaswa kufika.

Mtoto wa mtaani anaujua mfumo huu vizuri. Baiskeli ya aiskrimu haijakata kona, ila muziki wake umeshasikika, na tayari amekwisha kusimama kumtafuta mama mwenye sarafu. Hamu imeamshwa na sauti, kabla ya aiskrimu yenyewe. Ukimwambia hapana, kilio kinachofuata si utovu wa adabu mtupu, maana ahadi imevunjika ndani ya ubongo wake. Kwa mtu mzima ishara ni kabati la biskuti lililo usawa wa macho, keki iliyofunikwa kwa kioo dukani, saa 10 jioni ofisini. Anayepambana na hamu wakati imeshapanda ameanza vita akiwa amechelewa.

Kuna breki moja ambayo haijang'olewa kabisa. Mwanasaikolojia wa Marekani Barbara Rolls na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba ladha moja inapoliwa mfululizo hupungua mvuto, ilhali ladha nyingine ambazo hazijaguswa hubaki zikivutia kama awali. Watu waliopewa chakula cha ladha mbalimbali walikula zaidi ya waliopewa cha ladha moja. Sinia la Idi pwani ni maabara kamili ya jambo hili. Umekula kaimati hadi ukakinai. Shira imekujaa mdomoni, hutaki hata kuiona nyingine. Mara anakuja shangazi na visheti, vikavu, vinavunjika mkononi, na tumbo lililokuwa limefunga duka linafungua tena. Halafu tende. Halafu kipande cha keki, maana ukikataa atanuna. Kila ladha mpya huanza hesabu yake upya. Ikiwa unataka kula kidogo bila kujinyima, jaza sahani kwa kitu kimoja unachokipenda kwelikweli, na uyaache mengine yapite. Utafika mahali pa kukinai mapema zaidi. Shangazi ataelewa. Au hataelewa.

Sasa hiyo nguvu ya moyo yenyewe. Jaribio maarufu kuliko yote lilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Walter Mischel alipowaketisha watoto wadogo mbele ya peremende laini na kuwaambia: ukisubiri hadi nirudi utapata mbili. Watu hukumbuka sehemu ya pili ya hadithi, kwamba waliosubiri walikuja kufanya vizuri maishani. Sehemu hiyo imepungua uzito: utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta uhusiano huo ni mdogo, na ukadhoofika zaidi baada ya kuzingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali.

Kilichonivutia mimi siku zote ni kile watoto walichokuwa wakikifanya ndani ya chumba. Wengi wa waliofaulu hawakuikodolea macho peremende kishujaa. Walifumba macho, wakageukia ukutani, wakaimba, wakacheza na vidole vyao. Mischel alipoiondoa peremende machoni mwao, walisubiri muda mrefu zaidi. Alipowaambia waiwazie kama wingu badala ya kuwaza utamu wake, vilevile. Ustadi wao ulikuwa wa kukwepa.

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wakaongeza jambo zito. Kabla ya jaribio, mtafiti aliwaahidi watoto vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kundi moja waliletewa, jingine wakaambiwa samahani, havipo. Walioona ahadi ikitimizwa walisubiri peremende ya pili kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa walisubiri dakika 3. Mtoto anayelala bila uhakika wa kesho, akiona andazi leo atalila leo, na hesabu yake ni sahihi. Tusimwite mroho.

Halafu kuna Wanso, wakulima wa nyanda za juu za Cameroon. Bettina Lamm na wenzake waliwajaribu watoto wao wa miaka 4 kwa andazi la huko liitwalo puff-puff, ambalo mtu wa pwani angelitambua mara moja kuwa ni binamu wa kaimati. Karibu asilimia 70 walisubiri dakika 10 zote, wakati kwa watoto wa Ujerumani waliopewa peremende au chokoleti ni asilimia 28 tu. Wengi wa watoto wa Kinso walitulia tu, na wapo waliopitiwa na usingizi kitini. Kuna mambo mengi yanayotofautiana kati ya jamii hizi mbili, lakini watoto hawa hukua wakitarajiwa tangu wakiwa wachanga kutulia na kuwasikiliza wakubwa, na kusubiri ni sehemu ya kila siku yao. Mazoea hubeba mzigo ambao tulidhani unabebwa na dhamira.

Nadharia iliyodai kwamba dhamira huisha kwa kutumiwa nayo imetikisika. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake walitangaza kwamba waliojizuia kula biskuti walikata tamaa haraka kwenye fumbo lililofuata. Mwaka 2016 maabara zaidi ya 20 zilijaribu wazo hilo kwa pamoja, kwa zoezi jingine, na hazikupata athari ya maana.

Ukitaka kuona haya yote yakifanya kazi bila maabara, kaa jioni kwenye baraza la Jaws Corner, Mji Mkongwe, Zanzibar. Kahawa ni chungu, haina sukari, inamiminwa kutoka kwenye dele hadi kikombe kisicho na mkono ambacho huwezi kukigugumia kwa kuwa kinaunguza. Kashata inauzwa kipande kimoja kimoja. Unamega, unaacha iyeyuke, unapiga funda, uchungu unafuta ulimi, unamega tena. Karanga zilizomo zina mafuta na protini zinazochelewesha tumbo kuachia chakula, kwa hiyo sukari yake huingia polepole kuliko ya soda. Kipande kikiisha, kingine kinataka utie mkono mfukoni mbele ya watu wanaobishana kuhusu mpira na siasa, na mara nyingi ubishi umekolea kiasi kwamba umeshasahau. Halua nayo, iliyokorogwa kwa saa nyingi kwa sukari, wanga, samli na iliki, huliwa kwa kumega kidogo pembeni ya kahawa hiyohiyo, hapa na Oman vilevile. Hakuna anayechota kwa bakuli. Waliobuni desturi hii hawakuwa na habari ya dopamini, lakini breki zote zimo: muda, uchungu, kipimo, bei, macho ya wenzako.

Nyumbani breki iliyo rahisi kurudisha ni ya chai, na wala haihusu peremende. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, afuate kipimo cha kliniki yake. Familia nyingi hutia sukari kwenye sufuria chai ikiwa bado jikoni, kisha ikamiminwa kwenye chupa, na hapo hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Ipike bila sukari, kopo likae kabatini, kila mtu achote mwenyewe akiona. Wa vijiko vitatu apunguze nusu kijiko kila wiki mbili. Waliopunguziwa sukari kwa miezi kadhaa katika utafiti mmoja walianza kuonja chakula kilekile kikiwa kitamu zaidi ya zamani. Vikombe vitatu kwa vijiko vitatu ni gramu 36. Kwa viwili ni 24, na Ijumaa kashata ina nafasi yake.