Roboti yetu huzimika ikinyanyua mzigo

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa sekondari hapa Juba, tunajiandaa kwa mashindano ya roboti. Roboti yetu hutembea vizuri, lakini mkono ukinyanyua mzigo, yote huzimika na kuwaka upya. Tatizo ni programu?

JIBU: Huenda programu haina kosa. Mota iliyolemewa hufyonza umeme mwingi ghafla. Volti za betri hushuka na kompyuta ya roboti hujizima. Pimeni kwa mita wakati mkono unanyanyua: betri ya volti 12 ikiporomoka hadi 7, mmempata mchawi. Kazeni viungio vya nyaya, kisha jaribuni betri iliyojaa.

Dawa ya kudumu ni gia. Gia ya meno 15 ikizungusha ya meno 45, nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 3, kasi hubaki theluthi. Mkono utakwenda polepole, ila hautakwama. Fupisheni mkono pia.

Betri zichajiwe kivulini, maana joto la Machi huzichakaza upesi. Kama mnalenga FIRST Global, mashindano yanayopokea timu moja kwa kila nchi tangu 2017, mechi zake huchukua dakika 2 na nusu. Fanyeni mazoezi kwa muda huohuo, mkiwa na mzigo kamili.