Nchi ya Ufini na Watu Wake

Mwezi huu twaitazama nchi ya Ufini, iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya. Nchi ni kubwa, lakini watu wake wapata milioni tano na nusu tu. Misitu imeifunika sehemu kubwa, na maziwa, makubwa kwa madogo, yapita 180,000.

Zamani Waswidi waliitawala. Lugha ya wakubwa ikawa Kiswidi. Kifini, kisichofanana nacho hata kidogo, kikaachiwa wakulima. Ndipo Mikael Agricola, aliyesoma Wittenberg, akawatolea kitabu cha kujifunzia kusoma mwaka 1543, na Agano Jipya mwaka 1548. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliagiza watu wote wafundishwe kusoma, na asiyejua Katekisimo hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa. Walimu wetu wanaolalamika ya kuwa vijana ni wazito, na waifikiri sheria hiyo!

Mwaka 1809 Urusi iliitwaa nchi, hata tarehe 6 Desemba 1917 Wafini wakajitangaza kuwa huru. Wanawake walikwisha kupewa haki ya kupiga kura mwaka 1906.

Katika vita vya 1939 hata 1944 walipoteza sehemu ya Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakayaacha makao yao. Hawakuwekwa kambini siku zote. Kwa sheria ya mwaka 1945 mashamba ya serikali, ya sharika na ya wenye mali yalikatwa, wakagawiwa wageni hao walime na kujenga.