Shaka Inayouzwa: Funzo la Kampuni ya Hill & Knowlton kwa Zahanati za Pwani ya Lindi

Utangulizi

Katika zahanati za Kilwa Kivinje, Somanga na Songo Songo, kama ilivyo katika hospitali ya mkoa mjini Lindi, mhudumu anayemshauri mvuvi aache sigara huzisikia hoja zilezile: babu alivuta tangu ujana na akaiona miaka tisini, jirani hakuvuta hata siku moja na saratani ikamwua, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Hoja mbili za kwanza ni za kawaida ya binadamu, ambaye huamini alichokiona kwa macho. Ya tatu ina historia yake. Ilisukwa mjini New York na kampuni ya mahusiano ya umma, kwa malipo, ikaenezwa kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza ilivyosukwa, ili mhudumu na mgonjwa waitambue wanapokutana nayo.

Kampuni na kazi yake

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1927 mjini Cleveland, Marekani, na John W. Hill, aliyekuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1933 Donald Knowlton alijiunga naye, na majina yao mawili yakawa jina la kampuni. Baadaye ilihamishia makao New York, ikatanua ofisi zake hadi Ulaya na mabara mengine. Mwaka 1987 ilinunuliwa na WPP ya Uingereza, na mwaka 2024 iliunganishwa na kampuni nyingine ya aina yake na kupewa jina la Burson. Afrika Mashariki nayo imo katika orodha ya wateja wake: mwaka 2005 serikali ya Uganda iliikodi iitengenezee sifa nje ya nchi.

Kazi ya mahusiano ya umma yenyewe haina aibu. Wilaya inapopeleka gari la matangazo kuwahimiza wazazi walete watoto kwenye chanjo, inafanya kazi hiyohiyo. Madhara huanza pale mlipaji anapojificha, na maneno ya mfanyabiashara yanapovishwa koti la daktari.

Sigara: 1953 na 1954

Mwaka 1950 tafiti zilizofanywa Uingereza na Marekani zilionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji wa sigara kwa kiwango kikubwa mno. Mwaka 1953 watafiti waliwapaka panya lami itokanayo na moshi wa sigara, na panya wengi wakaota saratani ya ngozi. Mwezi Desemba mwaka huohuo wakuu wa makampuni ya sigara walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakamwita Hill awasaidie. Hill mwenyewe alikuwa ameacha sigara miaka kadhaa kabla, kwa ajili ya afya yake.

Ushauri wake ulikuwa wa kijanja. Kuikana sayansi waziwazi kungeyafanya makampuni yaonekane waongo. Afadhali yajitokeze kama wafadhili wa sayansi, yakidai utafiti zaidi. Tarehe 4 Januari 1954 tangazo la makampuni hayo lilichapishwa katika magazeti zaidi ya 400 nchini Marekani, likiahidi kuweka afya ya wateja mbele ya mambo yote. Pamoja na tangazo iliundwa kamati ya utafiti, ambayo ofisi zake zilikuwa katika jengo moja na ofisi za Hill & Knowlton. Kamati ilitoa fedha kwa wanasayansi wa kweli, lakini kila ushahidi mpya ulipotokea, kauli iliyotolewa kwa wanahabari ilikuwa kwamba suala bado halijathibitika.

Miaka kumi ilipita kabla ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani kutangaza, mwaka 1964, kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2006 mahakama ya Marekani iliamua kuwa makampuni ya sigara yaliuhadaa umma kwa makusudi, na mwaka 2017 yalianza kuchapisha masahihisho kwa amri ya mahakama. Wengi walioendelea kuvuta huku wakingoja sayansi ifikie uamuzi hawakuwepo kuyasoma.

Maziwa ya kopo na watoto wa Kuwait

Miaka ya 1970 kampuni ya Nestlé ilisusiwa kwa namna ilivyotangaza maziwa ya kopo katika nchi maskini, ambako maji si salama na kopo huongezewa maji ili lidumu. Iliikodi Hill & Knowlton, na vitabu vya kujitetea vikatumwa kwa viongozi wa dini wa Marekani. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Oktoba 1990, baada ya Iraki kuivamia Kuwait, msichana wa miaka 15 aliwaambia wabunge wa Marekani, huku akilia, kwamba aliwaona askari wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za kuwatunzia joto na kuwaacha wafe sakafuni. Hill & Knowlton ilikuwa imelipwa zaidi ya dola milioni 10 kuitetea Kuwait. Mwaka 1992 ilifichuka kuwa msichana huyo ni binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na wachunguzi hawakupata ushahidi wa kisa hicho. Kampuni ilisema iliamini maneno yake.

Funzo kwa zahanati

Kwanza, mgonjwa anayesema wataalamu hawajakubaliana asikemewe. Aelezwe kwamba wataalamu walikubaliana zamani, na kwamba shaka aliyoirithi ilinunuliwa na muuza sigara.

Pili, hoja ya babu ijibiwe kwa hesabu. Uchunguzi uliofuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50 ulionyesha kuwa mvutaji hupoteza wastani wa miaka 10 ya uhai. Aachaye akiwa na miaka 60 hurudishiwa takribani 3. Akiwa na 50, takribani 6. Akiwa na 40, takribani 9. Babu aliyefika tisini yupo; waliokufa mapema hawapo barazani kusimulia.

Tatu, kila kijitabu, semina au zawadi inayoletwa kituoni iulizwe: nani amelipia, na anauza nini? Muuguzi anayetundika kalenda ya maziwa ya kopo ukutani huipa bidhaa imani ambayo mama ameiweka kwake.

Mgonjwa wa Songo Songo hupanda chombo kuvuka bahari ili aje bara kutafuta ushauri. Anastahili kuupata kutoka kinywani mwa mtu ambaye hakulipwa na muuzaji.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Hill aliyashauri makampuni yadai utafiti zaidi badala ya kuukana utafiti?
2. Mvuvi wa miaka 50 anasema amechelewa kuacha sigara. Utamjibu nini?
3. Taja vitu vilivyomo kituoni mwako vyenye nembo ya biashara, na ueleze kila kimoja kinamnufaisha nani.