KWA NINI BIBI ANASAHAU YA LEO NA KUKUMBUKA YA ZAMANI?

Tuchukue mfano wa bibi mmoja huku kwetu Karagwe au Kyerwa. Asubuhi amekula ndizi na maharage, akashiba. Jua halijapanda, anawaambia majirani ati hajala tangu jana, mke wa mwanawe anamnyima. Lakini hebu mwulize habari za vita vya Kagera vya mwaka 1978! Atakueleza yote, hata mtoto gani alikuwa mgongoni.

Majirani wanasema anajifanya. Wengine wananong'ona habari za uchawi. Sisi tunasema huo ni ugonjwa wa ubongo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na robo hivi. Umejaa chembe hai zinazopelekeana habari. Katika ugonjwa uitwao Alzheimer chembe hizo zinakufa kidogo kidogo, na ubongo unasinyaa kama buni iliyoanikwa juani. Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alianza kumwangalia mama mmoja mgonjwa mwaka 1901. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, ubongo wake ulikutwa umesinyaa.

Mara nyingi kusinyaa huanzia sehemu ndogo iliyo ndani, usawa wa masikio, kulia na kushoto. Sehemu hiyo ni kama karani wa chama cha msingi. Kahawa ikiletwa, yeye ndiye anayeandika daftarini. Karani akiugua, kahawa ya leo haiandikwi. Lakini madaftari ya zamani bado yamo kabatini, na mtu anaweza kuyasoma. Basi bibi hasemi uongo. Chakula cha asubuhi hakikuandikwa. Ugonjwa ukiendelea, hata kabati lenyewe huliwa na mchwa, akasahau majina ya wanawe.

Je, huo si uzee tu? Ni kweli ubongo wa kila mzee hupungua kidogo. Lakini wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa mwaka 2009 na 2010, waliokuwa na ugonjwa wa kusahau walikuwa kama 6 tu katika kila 100.

Chembe zilizokufa hazirudi. Hata hivyo mpelekeni mzee zahanati, na ikibidi hospitali kama Nyakahanga. Pengine alianguka, damu ikavilia kichwani. Pengine ana upungufu wa vitamini. Hayo yanatibika. Shindikizo la damu nalo lipimwe, maana linaharibu mishipa ya ubongo.

Na akisema hajala, msibishane naye mbele ya watu. Mpeni uji kidogo, mkae naye, mwulizeni habari za mashamba ya zamani.