Kunukuliwa Sana na Kunufaisha: Funzo la Migomba ya Nakivale



Ndugu zangu, wengi wetu muhula huu tunaandika tasnifu. Tukitafuta marejeo, tunatazama kwanza makala ipi imenukuliwa mara nyingi zaidi, kisha tunaichukua bila kuisoma yote. Nami nilikuwa hivyo, mpaka mama aliponizindua.

Mama analima kishamba huko Nakivale. Likizo iliyopita nilikuta migomba yake inanyauka: majani yamekuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani ni kahawia. Ni mnyauko wa bakteria. Wanasayansi waliueleza kwanza Ethiopia mwaka 1968, na hapa Uganda ulionekana mwaka 2001.

Niliporudi chumbani kwangu Ruti nikaanza kusoma. Jina lililojirudia ni la Dkt. Leena Tripathi, mtaalamu wa baiolojia ya molekuli ya mimea katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Yeye na wenzake walichukua jeni ya pilipili hoho wakaiingiza kwenye mgomba ili uhimili ugonjwa huo. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya jeni hiyo, na mwaka 2014 jarida la Nature Biotechnology likatoa matokeo ya jaribio la shambani lililofanyika Kawanda. Tangu hapo watafiti wengine wamekuwa wakizinukuu kazi hizo.

Nikampigia mama kwa furaha. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hiyo migomba iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha muswada wa kusimamia teknolojia hiyo, lakini Rais hakuutia saini, akaurudisha. Kwa mama hakijafika hata chipukizi kimoja.

Hapo nikakumbuka darasa la Mustalah al-Hadith. Kunukuu ndiyo sanad ya wanasayansi: kila mmoja anataja aliyepokea kwake. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo cha h: mtafiti mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yake haipungui 10. Kipimo hiki kinaonyesha kazi imeenea kiasi gani. Hakipimi usahihi, wala manufaa.

Wanazuoni wetu walilijua hilo zamani. Imam As-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 Hijria, aliandika Al-Maqasid al-Hasana kuchunguza hadithi zilizoenea katika ndimi za watu. Ile ya kutafuta elimu hata China kila mtu anaijua, na wanazuoni wengi wameidhoofisha.

Sisemi kazi ya Dkt. Tripathi ni dhaifu. Ilijaribiwa shambani ikasimama, na kalamu ya kutia saini sheria haiko mkononi mwake. Ninachosema ni kwamba idadi peke yake isingenieleza lolote kati ya hayo. Basi kabla ya kuchukua marejeo, tujiulize: Walioinukuu wanaiunga mkono au wanaipinga? Matni yake inasimama yenyewe? Na nani amenufaika nayo?

Kilichomsaidia mama ni utafiti wa aina nyingine, usio na sifa kubwa: kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kukata shina lenye ugonjwa usawa wa ardhi. Migomba 9 imebaki hai, alhamdulillah.

Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba elimu inayonufaisha ni miongoni mwa mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa. Tumuombe Allah atujaalie elimu ya namna hiyo, katika tasnifu zetu na katika mashamba ya wazazi wetu.

Wallahu aalam.