SOMO: Timu ya Mkoa Huanzia Kijijini

Somo la toleo hili tunalitoa kwenye soka la wanawake. Msimu wa 2014/2015 mikoa ya Tanzania Bara ilishindania Kombe la Taifa la Wanawake. Pwani ilifika fainali, ikakutana na Temeke, ambayo kisoka ilihesabiwa kuwa mkoa. Mwaka 2016 Ligi Kuu ya Wanawake ikaanza, na bingwa wake wa kwanza, Mlandizi Queens, alitoka Pwani hiyo hiyo.

Faida ya timu za mikoa tunaiona: msichana asiye na klabu huweza kuonekana. Lakini mwalimu wa mkoa huchagua kati ya wanaocheza tayari. Kambi ya siku chache haimfundishi mtu kutuliza mpira. Hilo hutaka miaka ya kiwanja, njumu na ruhusa ya wazazi. Na ruhusa, kwa maoni yetu, ni ngumu kupatikana kuliko njumu, maana mazoezi ya jioni hugongana na kuchota maji na kupika.

Kwa majadiliano ya kamati: Kiwanja cha parokia yenu hutumiwa na nani jioni? Wasichana wana siku ngapi kwa wiki? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wao?